Miaka Minne na Nusu

"Minne na nusu," Tatu alisema, swali lenyewe halijaisha.

Jibu lilitoka laini kwa sababu lilikuwa limezoea kutoka. Alishalisema bombani, sokoni, msibani, kwa wakwe na kwa watu wasiomhusu kabisa. Leo alilisema Lushoto mjini, mbele ya binti mmoja kutoka Tanga anayeitwa Sesilia, mtaalamu wa watoto wanaochelewa kusema. Sesilia alikuwa amevaa sweta la kuazima lililomzidi mikono, maana watu wa pwani wakipanda huku milimani huwa hawaamini habari za baridi mpaka iwapate. Alikunja mkono wa sweta, akaandika. Basi, ikawa imeandikwa.

Kisha akainua uso, amefurahi kweli kweli. "Umefanya vizuri mama kumleta mapema. Wengi wananiletea mtoto ana saba, ana nane, shule imemshinda ndipo wanakumbuka kuja."

Akaeleza kwamba mwanzo wa mwezi linaanza kundi la watoto wadogo, chini ya miaka mitano, asubuhi mbili kwa wiki, hapo hapo mjini, na mwalimu wao ameshapatikana. Watoto wanane tu. Saba wameshaandikwa, imebaki nafasi moja. Alipofika hapo akaigonga karatasi kwa kalamu, na Tatu akaelewa kwamba nafasi hiyo imeshakuwa yake.

Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mwanawe, Mbaraka, alikuwa chini kwenye mkeka, amelaza shavu sakafuni, anazungusha mfuniko wa ndoo na kuutazama kwa jicho moja unavyopunguza mwendo. Mbaraka alikuwa na miaka sita na miezi tisa.

Mtu asije akamwona Tatu mwongo. Lukozi nzima, kijijini kwake, ukitafuta mwanamke asiyedanganya utaelekezwa kwake, tena kwa jambo hilo hilo la umri. Yeye huuza miche. Ana ya nyanya, ana ya hoho, lakini hasa kabichi. Kitalu chake kiko nyuma ya nyumba, matuta manane chini ya kivuli cha nyasi, na kwenye kila tuta kimechomekwa kijiti chenye kipande cha bati kilichokwaruzwa kwa msumari tarehe ya kusia mbegu. Mche wa kabichi unahamishwa ukiwa na wiki nne, tano ukivumilia sana. Ukipita hapo shina linakakamaa, na ukiupanda shambani utaishi, ndiyo, tena utatoa majani mengi tu, ila kufunga utafunga kichwa cha kukaa kiganjani, au usifunge kabisa.

Wauzaji wengine wana dawa yake. Wananyofoa majani ya chini yaliyoanza umanjano, wanamwagilia alfajiri ili mche ushibe maji usimame, na mnunuzi akiuliza wanamwambia wiki nne, mama, wiki nne kamili. Tatu hajawahi. Mnunuzi akija humwambia abane shina kwa ukucha mwenyewe. Ukucha ukizama, achukue, ukiteleza, aache. Mwaka juzi mvua zilichelewa, watu wakashindwa kupanda, miche ikapitwa, na Tatu akalifukia tuta zima kwa jembe. Mumewe Omari, utingo wa lori la mboga linaloshuka Mombo kwenda Dar, alimuuliza kama ana akili timamu.

Lakini mtoto hachomekewi kipande cha bati.

Mbaraka alizaliwa Mombo, walipokuwa wamepanga chumba karibu na barabara kuu. Siku moja kwenye kupima uzito, mtoto ana miaka miwili, nesi aliuliza anasema maneno mangapi. Tatu akajibu hajaanza. Akiitwa anageuka? Tatu akajibu, akitaka. Nesi akaandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, akamwambia ampeleke hospitali ya mkoa wakamwangalie, na asikae, aende mapema. Hakusema kwa ubaya. Tatu alirudi nyumbani akajiona ametukanwa na ule wino.

Omari alicheka. Alisema yeye mwenyewe alianza kusema ana miaka minne, na watoto wa kiume ndivyo walivyo. Mama mkwe akapiga simu kusema kosa liko kwao wazazi, wanamchanganya mtoto, Kishambaa huku, Kiswahili huku, atashika kipi? Wachague kimoja. Wakachagua Kiswahili kwa sababu ndicho cha shule. Sasa Tatu alikuwa hajui kubembeleza mtoto kwa Kiswahili. Kununua alijua, kuuza alijua, kusalimia watu ofisini alijua, lakini yale maneno ya kumwambia mtoto mdogo unapomwogesha, hayo alikuwa nayo kwa Kishambaa tu. Akawa anamwogesha kimya. Kadi ya kliniki akaitia chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge.

Walipohamia Lukozi mtoto alikuwa anakaribia mitatu, mwembamba, mgongoni muda wote. Jirani yao, Mama Kristian, alimuuliza kwa wema kabisa huyu ana mingapi, mbona mkimya? Tatu akasema hajafika miwili. "Aa, basi bado," alisema Mama Kristian, akaendelea kumenya viazi vyake. Lile "basi bado" lilikuwa tamu jamani. Lilimtua Tatu mzigo ambao hakujua kama alikuwa ameubeba, na siku mbili tatu akalala usingizi mzuri.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Watoto wa wenzake kila mwaka waliongeza mwaka, Mbaraka akaongeza nusu, na akiongeza sana, miezi minane. Kristian wa jirani, ambaye watu wote walimjua kuwa ni mkubwa kwa Mbaraka, alianza awali, akamaliza awali, akaingia darasa la kwanza na shati jeupe lililomfika magotini. Omari alijua, akanyamaza. Mtu wa safari siku nne kwa wiki hapati tabu kunyamaza. Na ni huyo huyo Mama Kristian aliyesikia kanisani tangazo la mtaalamu, akavuka ua kuja kumwambia Tatu ampeleke mtoto, maana bado mdogo, atasaidika.

Tatu alikuwa amepanga kwenda na kusema kweli. Alikuwa amepanga hivyo hadi jana, saa nne asubuhi.

Jana alikuwa anamwagilia miche kwa keni, na Mbaraka alikuwa ameng'ang'ania mdomo wa keni, kama kawaida yake, anautazama mnyunyizo unavyotoka kwenye vitundu. Akauuma. Jino lake la mbele la chini lilikuwa linacheza wiki nzima, na alipouachia ule mdomo wa keni, jino likabaki limenasa kwenye kitundu. Hakulia. Alipitisha ulimi kwenye lile pengo, akarudi kwenye maji yake.

Jino la kwanza la mtoto hurushwa juu ya bati. Mtoto husimama mbele ya nyumba, akalirusha na kupiga kelele chukua bovu, nipe jipya, na majirani huitikia na kumcheka mapengo. Hakuna mtoto Lukozi aliyewahi kung'oka jino kimyakimya. Tatu alisimama na lile jino kiganjani, dogo, safi, hata damu halina, akasikia Mama Kristian anakohoa upande wa pili wa ua. Mtoto wa miaka minne na nusu hang'oki jino. Akalifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. Uoga ukampanda upya, na asubuhi kwenye gari walilopanda saa kumi na mbili, njia nzima hadi Lushoto, alikuwa anafanyia mazoezi neno moja: alianguka.

Sasa Sesilia aliacha meza, akashuka kukaa mkekani, miguu ameikunja upande. Hakumwita Mbaraka kwa jina, wala hakumshika kidevu amtazame, kama walivyofanya watu wote maishani mwake. Aliweka kiganja juu ya mfuniko, ukasimama. Akatulia. Kimya kikawa kirefu mpaka Tatu akatamani kusema neno lolote kukijaza. Halafu Sesilia akasema "tena," akauzungusha. Ukazunguka, ukachoka, akaweka tena kiganja.

"Ninamngoja," alimweleza Tatu bila kugeuka. "Nahesabu kumi moyoni. Akitoa sauti, hata kidogo, akinitupia jicho, ninampa. Sisi watu wazima tunawahi mno kuwapa, mama, hawaoni haja ya kuomba."

Mara ya nne Mbaraka alimshika Sesilia kifundo cha mkono, akaubeba mkono wake, akauweka juu ya mfuniko na kuusukuma. Hakumtazama. Aliutumia ule mkono kama mtu anavyotumia kijiko. Tatu aliona haya, akaanza kumkanya, lakini Sesilia alisema hapana, hiyo nayo ni kuomba, hapo ndipo watakapoanzia. Akauzungusha mfuniko kwa nguvu, ukazunguka vizuri kuliko mara zote, na Mbaraka akacheka, kinywa wazi.

"Hapa aliumia?" Sesilia aliuliza.

Neno lilikuwa tayari. Lilikuwa limekaa ulimini tangu alfajiri. Lakini Sesilia alikuwa ameshainama, na ndani ya lile pengo kulikuwa kumeanza kuchomoza ncha ya jino jipya, pana, lenye vijino juu yake kama msumeno mdogo. Hakuuliza mara ya pili. Alirudi nyuma, akaweka mikono mapajani, akakaa kimya.

Tatu alijua anahesabiwa. Aliutazama mkeka, akautazama ukuta, akamtazama mwanawe. Hesabu ilikuwa imefika kama saba, au nane.

"Ana sita na miezi tisa," alisema.

Sesilia angemgombeza ingekuwa nafuu. Alichukua karatasi yake tu akaitazama, na uso wake ukawa wa mtu aliyechoka, na Tatu akaona kumbe bado ni msichana, hajafika hata thelathini.

"Andika minne, dada," Tatu alisema. Alishangaa kuisikia sauti yake ikibembeleza. "Nakuomba. Ni mdogo wa mwili, hakuna atakayejua. Kadi nitasema imeliwa na panya."

"Nikiandika minne nitakuwa nafundisha mtoto mwingine, mama. Huyu wako nitakuwa sijamwona." Halafu akaongeza, polepole, "Na nje pale kwenye benchi kuna mmoja ana mitatu."

Tatu alikuwa amemwona. Binti mdogo, amekaa mapajani kwa baba yake, anapigapiga kifungo cha koti lake kwa kidole kimoja. Baba alikuwa amevaa suti kana kwamba amekuja kutoa posa. Tatu alikuwa amemsalimia, na sasa alimchukia kwa moyo wote yule baba na ile suti yake, halafu akaona aibu.

Aliuliza wa umri wa Mbaraka wanakwenda wapi. Sesilia akamwambia kundi lao kwa hapa halijapatikana, wanajaribu, ila yeye mwenyewe hupanda huku kila baada ya miezi mitatu na atakuwa anamwona. Atampa na mambo ya kufanya nyumbani. Akaeleza kwamba anachokiona kwa Mbaraka ni usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, si laana ya mtu, wala si malezi mabaya. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, na Tatu aliitikia kwa kichwa kila palipostahili. Kulikuwa na swali moja tu alilotaka kuuliza, na akaliuliza.

"Ningemleta na miwili, sasa hivi angekuwa anasema?"

Sesilia alishusha mkono wa sweta, ukafunika vidole. "Sijui," alisema. "Wanaoanza mapema, wengi wao hufika mbali zaidi. Wengi, si wote. Wanaoanza wakubwa nao hujifunza, nimewaona kwa macho yangu. Lakini huyu mmoja, angekuwa wapi leo, hakuna mtu anayeweza kukuambia, mama. Ningesema ninajua ningekudanganya."

Tatu alikuwa amejiandaa kwa ndiyo, na alikuwa amejiandaa kwa hapana. Hiyo sijui hakuwa na pa kuiweka.

Mwishoni, akijaza karatasi mpya, Sesilia aliuliza nyumbani wanaongea lugha gani. Tatu akajibu upesi, kwa kujitetea, kwamba Kiswahili tu, Kishambaa waliacha mtoto alipokuwa na miaka miwili ili wasimchanganye. Sesilia aliacha kuandika. Akasema taratibu kwamba Kishambaa hakina kosa, hakijamchelewesha mtoto hata siku moja. Aongee naye lugha inayomtoka bila kufikiri, ndiyo inayomfaa.

Hapo ndipo Tatu alipolia. Nafasi ilipokwenda hakulia, na lile neno usonji lilipotajwa hakulia. Alilia kwa maneno yote aliyoyameza pembeni ya beseni kwa karibu miaka mitano, na Mbaraka hakugeuka kumtazama, aliendelea kuzungusha mfuniko.

Walifika nyumbani saa tisa. Mama Kristian alikuwa ameshafika kitaluni, amechutama pembeni ya tuta la mwisho na beseni lake, anangoja. Tatu alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza vipi huko. Tatu akasema wameonana naye. Mama Kristian hakumbana zaidi. Alikuwa na shida yake, alitaka miche mia tatu, na tuta lenye mia tatu lilikuwa hilo moja.

"Hilo lina wiki saba," Tatu alisema. "Limepitwa. Ngoja lile pale, Ijumaa ijayo."

Mama Kristian alibana shina kwa ukucha, ukateleza. Akabana lingine. Akasema shamba limeshalimwa, mvua imeshaanza, Ijumaa ijayo atakuwa amechelewa zaidi. Atachukua hivyo hivyo, itakayofunga itafunga.

"Usije ukanilaumu."

"Umeshaniambia ukweli, nikulaumu nini," Mama Kristian alisema, akaanza kung'oa, anakung'uta udongo na kupanga miche kwenye beseni.

Tatu alisimama akimtazama. Alikuwa amefikiria njia nzima kwamba atalitupa lile jino bondeni pale gari linapokata kona, na kona zote zikapita. Alilifungua fundo la kwanza. La pili lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Akatembea hadi mbele ya nyumba, akamsimamisha Mbaraka kando yake, na kwa kuwa mtoto hakuweza kusema maneno yake, aliyasema yeye, kwa sauti, kwa Kishambaa, kama alivyofundishwa na bibi yake: chukua bovu, nipe jipya. Akalirusha.

Lilitua juu, likabiringika kwenye mfereji wa bati, tik tik tik tik, likaishia kwenye ukingo na kunasa huko.

Mama Kristian aliinuka, mche mkononi. "Jino la nani hilo?"

"La Mbaraka."

"Mbaraka huyu? Wa minne na nusu?"

"Ana sita na miezi tisa," Tatu alisema. Mara ya pili siku hiyo, na haikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. "Nilikudanganya siku ile umekaa na viazi. Nimekudanganya mpaka leo."

Mama Kristian alihesabu kwa vidole vyenye udongo, midomo ikicheza. Tatu alingoja acheke, au akasirike, au aite mtu. Alikuwa amejiandaa kwa hayo tangu siku ile ya viazi. "Kristian wangu ana sita na miezi minane," alisema mwanamke yule hatimaye. "Kumbe huyu ndiye mkubwa." Akatazama chini, na sauti ikashuka. "Pole, mwanangu."

Hiyo pole ndiyo Tatu aliyokuwa anaikimbia miaka yote. Ilimkuta hapo mlangoni, hana pa kwenda, akasema asante.

Kisha akahisi mkono. Mbaraka alikuwa amemshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, anauinua kuelekea kwenye bati. Uso wake ulikuwa juu, kule sauti ilikotoka. Tatu hakuwa na jino lingine. Alichutama, akaokota punje za maharage zilizomwagika mlangoni wiki iliyopita, akarusha moja. Tik tik tik tik, ikashuka hadi kwenye majani. Mbaraka alicheka, pengo wazi, akaushika tena mkono wa mama yake, akausukuma juu. Akarusha ya pili. Akarusha ya tatu, upesi upesi, kwa furaha ya kuombwa kitu, hadi alipokumbuka.

Ya nne aliishika. Akaiinua juu ya kichwa chake, akautuliza mkono, akanyamaza. Mbaraka alisukuma kifundo chake. Alisukuma tena, kwa mikono miwili sasa, macho kwenye bati. Mama Kristian alikuwa ameacha kung'oa miche. Tatu alihesabu moyoni, kwa Kishambaa, polepole, akiitazama midomo ya mwanawe iliyokuwa imeachana kidogo, jino jipya likionekana ncha. Akafika kumi. Akaanza tena moja.